Kipimajoto na Bamvua: Mazungumzo na Wanafunzi Wapya wa Sayansi za Bahari

Assalaam alaykum, wanangu.

Nimetakiwa nizungumzie utafiti. Mimi nitazungumzia mwani.

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu ya Ufilipino, na Paje na Jambiani zilikuwamo katika vijiji vya mwanzo. Lakini Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwishaanza kuuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Wakulima, wengi wao kina mama, wanajua aina mbili: kotoni wenye bei nzuri, na spinosamu wa bei ya chini. Kotoni hauwezi joto. Maji haba yakishika moto, unageuka mweupe, unalainika, unakatika hapo hapo kwenye taitai, vile vikamba vya kuufungia.

Nilipokuwa mwanafunzi, kazi yangu ilikuwa kupima joto la maji shambani kila siku. Siku moja nilichelewa gari, sikwenda. Jioni nikaandika nyuzi 29, sawasawa na jana yake. Nani angejua?

Kesho yake nikamkuta mama mmoja anafungua kamba, mwani unamtoka mikononi vipande vipande. Nikamsomea daftari langu kwa fahari. Akaniangalia. "Mwanangu, jana ulikuwepo? Jana bamvua, maji yametoka mchana, jua kali. Kidimbwi kile cha maji kilinichoma miguu."

Bamvua ni zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Niliona haya, na bado naona haya. Siku niliyoibuni ndiyo siku ambayo mwani ulikufa. Mama yule hakuwa na kipimajoto, lakini alikuwa na kumbukumbu ya kila bamvua. Nikaifuta ile 29, nikaandika: sikupima. Halafu nikakaa chini, nikaanza kumuuliza na kuandika aliyoyaona.

Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake wamejaribu kupeleka kotoni kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu ndefu za mviringo, ambako joto si kali. Unakua. Shida ni kwamba kule kunataka chombo, na kina mama wengi hawajui kuogelea. Basi swali lipo wazi bado, na nawaomba mlichukue kwa moyo wote: kotoni utafikaje kwenye kina na mkulima abaki salama?

Bamvua ijayo tunakwenda shambani. Kila mtu na daftari lake, na penseli, maana wino unafutika na maji ya chumvi. Asiyejua kuogelea aniambie leo, kabla hatujatoka humu.