Gari Haivuti: Pima Kwanza Kabla Hujanunua Spea

Haya, asanteni kwa kuja, wale wamesimama kule nyuma sogeeni, kuna viti huku mbele. Najua kati yenu kuna waliotoka Kisumu asubuhi, mkapitia Kericho mkapanda Mau Summit, na sitashangaa kama kuna mmoja alijipata nyuma ya trela, akataka kuovateki, akakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari ikabaki inanguruma tu haiendi. Hiyo siyo shida ndogo. Mtu ameshatoka kwa leni yake, gari ingine inakuja mbele, na nguvu hakuna. Ndio maana hii mada naichukulia kwa uzito.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu hewa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, hapa Nakuru tuko karibu 1,850, na Timboroa imepita 2,700. Injini isiyo na tabo, ile mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unayopanda, juu hewa inakuwa nyepesi, na petroli inataka hewa: kilo 1 ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ndio iungue vizuri. Kwa hivyo ukifika Timboroa na kagari kako ka 1300 cc ukaona kamechoka, robo ya nguvu imeshaenda na hakuna fundi wa kukurudishia. Lakini kama mwaka jana ulikuwa unapanda Salgaa bila wasiwasi na leo malori yanakupita, mlima ni ule ule, kuna kitu kimebadilika kwa gari.

Sasa nisikizeni hapa. Kabla ya kufungua boneti jiulize: nikikanyaga, injini inapandisha sauti ama haipandishi? Kama mshale wa RPM, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, unaruka mpaka 4,000 na gari inajikokota, wachana na plagi, hiyo ni giaboksi inateleza. Na hizi gari zetu za Japani nyingi ni CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, zinataka oili yake ya CVT, mtu akikuwekea ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida, ati zote ni nyekundu atakuulia giaboksi. Kama RPM yenyewe ndio inapanda polepole, hapo sasa ni injini ama kuna kitu kinaishika. Endesha kidogo kisha karibisha mkono kwa kila rimu, usiguse, moja ikiwa moto kuliko zingine breki imekwama. Na angalia kapeti! Nimeona gari imehangaishwa wiki mbili kumbe kapeti nene limekunjika chini ya pedali, skana, kale kamashine ka kusoma kompyuta ya gari, inaonyesha pedali imefika asilimia 60 na dereva anaapa amekanyaga yote.

Wacha niwaambie ya mwalimu mmoja aliniletea Fielder. Alikuwa amebadilishiwa plagi, koili zote nne zinazopelekea plagi umeme, na pampu ya mafuta, kwa gereji mbili tofauti, na gari bado haivuti. Pesa ya karo hiyo. Na hakuna mtu hata mmoja alikuwa amechomeka skana akaendesha nayo. Walisoma kodi, ile namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huhifadhi, ilikuwa P0171, maana yake mafuta ni kidogo kulingana na hewa, wakarukia pampu. Kodi haikuambii ununue nini, inakuambia kompyuta imelalamika wapi.

Mimi nikamwambia mwalimu aendeshe, nikakaa kando yake na skana tukielekea Salgaa. Kitu nilikuwa naangalia ni trimu, yaani kompyuta inaongeza ama inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi ndio mchanganyiko ukae sawa. Kati ya kutoa 10 na kuongeza 10 sina neno. Yake, gari ikiwa imesimama inanguruma tu, ilikuwa 3. Tukianza kupanda ikaenda 15, ikaenda 20, ikafika 24. Shikeni hiyo tofauti, ndio kiini cha siku ya leo: trimu ikiwa juu wakati gari imesimama halafu ishuke ukiongeza RPM, tafuta paipu imepasuka inavuta hewa ya wizi. Ikiwa sawa imesimama halafu ipande ukiweka mzigo, ni mafuta hayafiki ama sensa ya hewa, ile inapima hewa inayoingia injini, inadanganya. Pampu ilikuwa mpya na presha tulipima ikawa sawa, basi ikabaki sensa.

Nikafungua eya klina. Filta ilikuwa safi, karibu mpya, lakini ilikuwa fupi kidogo, haikuwa ya hiyo gari. Nikapitisha kidole ndani ya paipu baada ya filta, kikatoka na vumbi la kahawia, laini kama unga wa wimbi. Hili vumbi letu la Nakuru la majivu ya volkano mnalijua, linapita kila mahali. Na kile kiwaya cha sensa, chembamba karibu kama unywele, kilikuwa kimeota manyoya. Kiwaya hicho hupimwa kwa vile hewa inakipoza, kikivaa blanketi la uchafu kinaripoti hewa kidogo, kompyuta inatoa mafuta kidogo, gari inakosa nguvu. Nikakipulizia dawa ya kusafisha sensa ya hewa, si ile ya kabureta, na usikiguse na kitambaa hata kama mkono unakuwasha. Kikakauka, filta sahihi ikaingia, mlimani trimu ikakaa 5. Mwalimu alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza zile koili za zamani ziko wapi. Zilikuwa zimeshatupwa.

Kijana ameuliza kama konveta, ile ya kusafisha moshi kwa paipu ya ekzosi, ikiziba aitoboe tu. Hapana bwana. Kwanza hakikisha imeziba: toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji hapo, injini ikinguruma bila kukanyagwa isipite kama 0.1 bar. Ikipita, uliza nani aliiharibu. Mara nyingi ni plagi ama koili iliyokuwa inamisi, yaani inaruka bila kuwasha mafuta, petroli mbichi ikaenda kuungulia ndani ya konveta mpaka ile seramiki ikayeyuka. Usipotibu hiyo misi kwanza, hata ukiweka mpya inakufa vile vile.

Haya twendeni nje, kuna Demio ya mama mmoja hapa ambayo amesema haivuti tangu Januari. Mimi sitashika skana, atashika yule hajawahi, na sisi wengine tutamsomea namba.