Nyota Iko Wapi, na Kwa Tarehe Gani?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mnapotazama mbingu usiku, sahauni habari ya umbali kwa muda. Jicho halioni umbali wa nyota. Nyota mbili zinaweza kuonekana zimekaa bega kwa bega, kumbe moja iko mbali mara mia kuliko mwenzake. Tunachoweza kupima moja kwa moja ni pembe tu: kutoka hapa hadi pale ni nyuzi ngapi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba hata hiyo pembe peke yake haitoshi. Ukiniambia nyota fulani iko nyuzi kadhaa, nitakuuliza: kutoka wapi, na lini?

Tuanze hapa tulipo, Dar es Salaam. Njia ya kwanza ni kutaja vipimo viwili: upande nyota ilipo, ukihesabu nyuzi kutoka kaskazini kupitia mashariki, na kimo chake, kuanzia 0 kwenye upeo wa macho hadi 90 utosini. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliimudu sana kazi ya vimo. Chombo chao, kamal, kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha alibana fundo kwa meno, uzi ukakaza, ukingo wa chini wa kibao ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota. Kipimo kilihesabiwa kwa vidole, isba kwa Kiarabu, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, Uarabuni, aliandika shairi zima la njia ya kwenda Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji, na ndani yake mahali baharini panatajwa kwa vimo vya nyota. Mimi nalihesabu hilo kuwa sayansi kamili: kuna chombo, kuna kizio, kuna kumbukumbu iliyoandikwa ili mwingine aifuate.

Lakini vipimo hivyo ni vya mtu mmoja, mahali pamoja, kwa dakika chache. Aliye Mwanza ataona kimo kingine, na nikisubiri nusu saa hata mimi kipimo changu kimeshabadilika. Isitoshe, hewa inapinda nuru. Karibu na upeo wa macho inainua kila kitu kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, na upana wa Jua lenyewe ni nusu nyuzi hivi. Kwa hiyo mkisimama ufukweni alfajiri mkaliona Jua linagusa bahari, kwa hesabu bado lote liko chini ya upeo wa macho.

Ndiyo maana wanaastronomia huchora mistari angani kwenyewe. Wanachukua ikweta ya Dunia na kuipanua hadi mbinguni. Kutoka ikweta hiyo ya anga wanahesabu nyuzi kwenda kaskazini au kusini. Kipimo hiki ni deklinesheni. Kipimo cha pili kinakwenda mashariki, nacho huhesabiwa kwa saa, 0 hadi 24. Saa hizi hazianzi alfajiri kama zetu. Zinaanzia mahali ambapo Jua hukata ikweta ya anga kila mwezi Machi.

Kwa nini saa? Kwa sababu ndivyo ilivyopimwa kwa karne nyingi. Darubini hufungwa iweze kupanda na kushuka tu, juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Mpimaji hangoji kitu isipokuwa mzunguko wa Dunia umletee nyota. Ikipita katikati ya darubini, anasoma saa: hicho ndicho kipimo cha mashariki. Anasoma na duara la nyuzi pembeni: hapo anapata deklinesheni. Saa yake inafuata nyota, si Jua, kwa hiyo siku yake ina saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Darubini kubwa ya namna hii ilianza kazi Greenwich, Uingereza, mwaka 1851, na ndiyo iliyoweka mstari wa longitudo 0.

Sasa chukueni Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katika orodha ya nyota, Kilimia kiko saa 3 dakika 47, nyuzi 24 kaskazini. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jumlisha 24 na 7 upate 31: hizo ndizo nyuzi kinazokaa mbali na utosi wetu kinapofika juu kabisa, yaani kimo cha nyuzi 59, upande wa kaskazini. Katikati ya Januari kinafika hapo kama saa mbili na nusu usiku. Mtu asiyejua hata yuko wapi anaweza kuigeuza hesabu hiyo: akipima 59, anajua latitudo yake.

Hapa swali la lini linaingia. Fungueni orodha iliyoandikwa kwa mwaka 1950, mtakuta Kilimia kiko saa 3 dakika 44. Kilimia hakikusogea kiasi hicho. Mistari ndiyo iliyosogea. Mhimili wa Dunia unayumba polepole na kumaliza mzunguko kwa karibu miaka 26,000, na ikweta ya anga inaufuata. Hipparchus, Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliligundua hili alipolinganisha vipimo vyake na vya mtu aliyemtangulia kwa karne moja na nusu, akaona tofauti ya nyuzi 2 hivi. Hakuwa na darubini. Alikuwa na kumbukumbu za watu waliopima kwa uaminifu, akaziamini kuliko alivyoamini kwamba mbingu imetulia.

Nyota zenyewe pia husafiri. Nyota ya Barnard hutembea zaidi ya sekunde 10 za nyuzi kwa mwaka; sekunde hii si ya saa, ni sehemu moja ya 3,600 za nyuzi moja. Kwa karibu miaka 180 inavuka nafasi inayolingana na upana wa Mwezi. Halafu kuna mtikisiko mdogo zaidi, paralaksi, unaotokana na sisi kuzunguka Jua. Thomas Henderson, Mskoti, aliupima kwenye nyota ya Rijili Kantori akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833. Hiyo ndiyo nyota angavu mnayoiona kusini jioni za Juni. Alirudi kwao, akasita juu ya hesabu zake, na Friedrich Bessel akamtangulia mwaka 1838 kutangaza paralaksi ya nyota nyingine, 61 Cygni. Inaniuma kwamba kipimo cha kwanza kilichofanyiwa bara letu kilikaa karatasini namna ile. Paralaksi ya Rijili Kantori ni robo tatu ya sekunde ya nyuzi: ni upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita 7. Kutokana na pembe hiyo tunapata umbali, miaka ya nuru 4.4, yaani nuru yake husafiri miaka 4.4 hadi itufikie.

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kuacha kupima Januari 2025, kiliisogeza sarafu hiyo hiyo hadi kilomita 250,000, angalau kwa nyota angavu. Orodha yake ya 2022 ina vitu takriban bilioni 1.8, na nafasi zake zimeandikwa kwa tarehe moja, mwanzo wa 2016.

Ikiwa mistari inayumba na nyota zinatembea, tunashika nini? Tunashika kwazari, vitovu vya galaksi za mbali mno ambazo mwendo wake hauonekani. Antena za redio zilizotawanyika duniani, mojawapo ikiwa Hartebeesthoek, Afrika Kusini, hupokea mawimbi ya kwazari moja kwa pamoja, kisha hulinganisha yalifika wapi kwanza na kwa tofauti gani ya muda. Kwa njia hiyo hiyo tunajua Dunia imejizungusha kiasi gani leo, na bila hilo ramani za simu zenu zingepotoka. Mfumo wa mistari ya anga unaotumika tangu 1 Januari 2019 umesimikwa juu ya kwazari 303. Na hata hizo hazikukaa kimya kabisa: kwa sababu Jua letu linazunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwazari huonekana zikisogea hadi sehemu 5.8 kati ya milioni za sekunde moja ya nyuzi kila mwaka. Waliouandaa mfumo wakaliingiza hilo katika hesabu, wakauandikia tarehe nao pia: 2015.