Programu Haiujui Mshale Wako

Ndugu zangu wapiga upinde, nimeombwa nizungumzie programu za kukokotoa alama za saiti, yaani mahali pa kuiweka pini ya kulengea kwenye upinde kwa kila umbali, na naona wengine mmeshafungua simu. Zifungeni kidogo. Tuanze na mshale wenyewe.

Mshale wa rikavu, upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, ukitoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde, unafika mita 30 kwa nusu sekunde tu, na katika nusu sekunde hiyo dunia imeshauvuta chini mita 1.2. Kufika mita 70 unahitaji kama sekunde 1.2, na hapo umeshuka karibu mita 7. Ndiyo maana tunateremsha pini ya saiti: pini ikishuka, mkono wa upinde hauna budi kupanda ili jicho liendelee kuona katikati ya shabaha.

Kama kusingekuwa na hewa, kila mita 10 zingeteremsha pini kwa kiasi kilekile. Fikirini: mshuko wa mshale unakua kwa mraba wa umbali, lakini pembe ya kulenga ni mshuko ukigawanywa kwa umbali, basi mraba unafutika na kinachobaki ni mstari ulionyooka. Mngepata alama zote kwa rula na penseli. Hewa ndiyo mharibifu. Inaunyang'anya mshale kasi njia nzima, kwa hiyo hatua ya kutoka 60 kwenda 70 ni ndefu kidogo kuliko ya 30 kwenda 40. Programu ikikuuliza uzito wa mshale, unene wake na ukubwa wa manyoya, inautafuta huo mpindo mdogo.

Karibu sana nako kuna kituko chake. Mshale hauanzii jichoni. Kwa anayevuta upote hadi kidevuni, uko sentimita 10 au 12 chini ya jicho, na lazima upande kiasi hicho kabla ya kufika. Kwenye mita 70 hilo si kitu. Kwenye mita 5 ndilo jambo lote, na kwa upinde niliowatajia, alama ya mita 5 inaangukia karibu na ile ya 16. Wanaopiga mashindano ya porini wanalijua vizuri. Aliyezoea uwanja tambarare huona kompyuta imekosea, akaisahihisha, mshale ukapita chini ya shabaha. Naye huyo nimewahi kuwa mimi.

Sasa tufike kwenye kiini. Programu haiujui mshale wako. Inachofanya ni kupitisha mstari uliopinda kwenye alama ulizoipa, kwa kawaida mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Ukiipa alama mbovu, itakuletea jedwali safi kabisa, lenye desimali mbili, la uongo.

Chukueni mfano. Kutoka jichoni hadi kwenye pini tuseme ni sentimita 85. Pini ikisogea milimita 1, mshale kwenye mita 70 unahama sentimita 8. Duara ya 10 kwenye shabaha ya sentimita 122 ina kipenyo cha sentimita 12.2. Mtu amepima mita 20 na 30 kwa sababu uwanja wake ni mfupi, na ile ya 30 ameikosea kwa nusu milimita, kosa ambalo yeyote wetu angelifanya kabla ya chai. Kufika 70 kosa limekua hadi milimita 2.5. Hizo ni sentimita 20: mshale wa katikati unatua kwenye 7! Kosa hilohilo lingefanyika kwenye 70, na 20 ikawa sahihi, alama ya 45 ingepotoka kwa sentimita moja na kitu. Kwa hiyo pimeni mbali kadiri uwanja unavyoruhusu, na msijenge alama juu ya mshale mmoja mzuri. Pigeni dazeni, mtafute katikati ya kundi.

Halafu pimeni alama ya tatu, katikati ya zile mbili, ila msiipe programu. Linganisheni tu. Isipokubaliana na jedwali, rudieni vipimo kabla ya kuilaumu hesabu. Mara nyingi mwenye kosa ni kidevu: kwenye mita 70 kichwa kinainuka pamoja na mkono, umbali wa jicho na mshale unabadilika, na hakuna kisanduku cha kulijaza hilo.

Mlima na bonde sitavikawiza. Dunia huvuta wima, kwa hiyo ukilenga juu au chini kwa nyuzi 30, mita 50 zinapigwa kama 43. Programu nyingi zinakupa hesabu hiyo tayari.

Mwisho, printa. Mnacheka, lakini hapa ndipo kazi nzuri inapofia. Printa ikiachiwa kulitosheza jedwali kwenye karatasi, inapunguza ukubwa, na ule utepe wa alama mnaoubandika kwenye saiti unakuwa mfupi bila kuonekana. Chapisheni kwa asilimia 100, kisha wekeni rula juu yake kabla ya gundi. Rula ninayo hapa. Aliyekuja na utepe wake asogee mbele tuupime.