Pete ya Fedha Shingoni mwa Kiko

MWANAKOMBO: Wasikilizaji, karibuni. Leo nimemwomba Bwana Athumani aje na kiko chake, si kwa ajili ya tumbaku, maana studioni humu hatuvuti, bali kwa ajili ya kipande cha fedha, chembamba kuliko upana wa kidole gumba, kilichoikumbatia shingo yake. Kabla hatujakigusa, tukubaliane majina. Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina la kila kiungo cha kiko cha maji: bori ndipo panapokaa tumbaku, digali hushuka majini, na shilamu ndiyo inayotiwa mdomoni. Kiko cha Ulaya hakina maji wala digali, lakini bori na shilamu tunaweza kuyatumia bila kuona haya.

ATHUMANI: Tuyatumie, Bi Mwanakombo, kuliko kuyaacha yafe. Hiki kilitengenezwa Dublin, Ayalandi, na kampuni ya Peterson. Familia ya Kapp ilifungua duka lake mjini humo katika karne ya kumi na tisa. Baadaye alijiunga nao Charles Peterson, fundi mzaliwa wa Latvia, ambaye mwaka 1890 alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kiko chenye kijisima ndani ya mti, ambamo unyevu hukusanyika badala ya kumfikia mvutaji ulimini.

MWANAKOMBO: Na fedha inaingiaje hapo? Mimi nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni pambo tu, kama kikuku.

ATHUMANI: Pambo ni pambo, lakini lina kazi. Katika kiko cha kawaida, shilamu huchongwa ulimi unaoingia katika tundu la shingo, kama seremala anavyounga mguu wa kiti. Mti hapo ni mwembamba, nao hufura kwa joto na unyevu. Mtu akiichomoa shilamu kiko kikiwa bado cha moto, au akiirudisha kwa nguvu, shingo inaweza kupasuka. Katika kiko hiki hakuna ulimi. Shilamu imechongwa ikipungua unene kuelekea mwisho, ikaingizwa kama kizibo cha chupa, na ile nguvu ya kutanua inabebwa na kofia ya fedha iliyofunika ukingo wa mti. Muungo wa namna hii huitwa wa kijeshi, na wapenda viko husimulia kwamba askari waliovunja viko vyao vitani waliviunga kwa maganda ya risasi. Ni hadithi tamu, nami naichukua kama hadithi.

MWANAKOMBO: Kofia hiyo haina mshono. Nimeizungusha mara tatu nikiutafuta.

ATHUMANI: Huwezi kuuona kwa sababu haupo. Pete ya kawaida hukatwa kutoka katika utepe wa fedha, ikakunjwa, ncha zake zikalehemiwa. Ukiwa na jicho la sonara utauona mstari. Kofia hii ilianza kama kisahani bapa. Fundi hukibana kwenye mashine ya kukerezea, mbele ya kalibu yenye umbo la kofia, kisha wakati kinazunguka hukisukuma kwa chombo chenye mpini mrefu anaouegemeza kwapani, mpaka fedha iilalie kalibu kama kitambaa. Kila inaposukumwa fedha hukakamaa, hivyo fundi huipasha moto ilainike kabla ya kuendelea. Akiharakisha, inachanika.

MWANAKOMBO: Nimeazima lenzi ya fundi saa. Hapa naona mwanamke ameketi, na pembeni yake kinubi chenye taji.

ATHUMANI: Huyo ni Hibernia, mwanamke anayewakilisha nchi ya Ayalandi, na hizo ni chapa za ofisi ya Dublin inayopima usafi wa fedha. Chama cha masonara wa mji huo kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na kinubi chenye taji ndicho alama yao ya usafi. Leo fedha ya kiwango hicho ina sehemu 925 za fedha tupu katika kila 1,000, na zinazobaki aghalabu ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno. Kama kofia ingepimwa Birmingham ungeona nanga. Kama ni London, kichwa cha chui. Tahadhari moja kwa wanunuzi: viko vya Peterson vyenye pete ya nikeli navyo vina vijialama vitatu, kikiwemo mnara wa duara, na asiyejua huvilipia bei ya fedha.

MWANAKOMBO: Lakini kuna herufi hapa siisomi. Imekuwa kama kovu.

ATHUMANI: Hapo umenigusa kidonda. Hiyo ndiyo herufi ya mwaka, ambayo ingetuambia fedha ilipimwa lini. Shilamu ni ya ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa nyingi, na ebonaiti ikikaa juani hugeuka rangi ya tope. Nilimpelekea fundi mmoja aing'arishe. Akaisugua kwa gurudumu la kitambaa bila kuichomoa, gurudumu likapanda juu ya fedha, na kiko kikarudi kinameta kama kioo, herufi imelika.

MWANAKOMBO: Pole. Na huu weusi kwenye ukingo, mbona umebaki?

ATHUMANI: Haukubaki, umerudi. Salfa ya ebonaiti huifuata fedha palepale zinapogusana, na ninavyoona mimi weusi huo ni heri kuuacha. Siku hizi nachomoa shilamu kiko kikishapoa, nafuta kofia kwa kitambaa laini kikavu, na kwenye chapa sisugui kabisa.

MWANAKOMBO: Ngoja nikiinamishe kwenye taa. Naona mguu wa herufi umebaki, umepinda kushoto. Yaweza kuwa J.

ATHUMANI: Au S. Hiyo J nimeitazama miaka miwili.