Kuchomoa Bastola: Mshiko Kabla ya Mwendo

Ndugu mwenyekiti, na ninyi walenga shabaha wenzangu, jambo hili nimelisema katika kila ukumbi ulionikaribisha, na leo nalirudia: kasi ya kuchomoa huamuliwa bastola ikiwa bado imo ndani ya ala. Mlio wa saa ya kuanzishia zoezi ukisikika, kiganja kinapaswa kuukamata mpini juu kabisa, kwa mshiko ule ule utakaofyatulia risasi, kwa maana mshiko uliokosewa hapo hurekebishwa njiani kwa gharama kubwa kuliko muda uliokusudiwa kuokolewa.

Kisa changu mnakijua, lakini nivumilieni. Katika mashindano ya Big Bear, California, yaliyoandaliwa na Jeff Cooper, mwalimu wa bastola wa Kimarekani, miaka ya 1950, wengi walichomoa na kufyatua kutoka kiunoni kwa mkono mmoja. Naibu sherifu Jack Weaver aliamua kuinua bastola hadi usawa wa macho na kuishika kwa mikono miwili, na mwaka 1959 akawashinda. Wenzake waliwahi kufyatua. Yeye aliwahi kupata, na kinachohesabiwa ni kupata.

Namwona kijana pale nyuma anatikisa kichwa: katika IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, alama hugawanywa kwa sekunde, basi sekunde ndiyo mfalme. Haya, tugawanye. Zoezi la risasi 24 lina alama 120. Ukilimaliza kwa sekunde 16 bila dosari, unapata 7.5. Punguza sehemu 3 za kumi za sekunde katika kuchomoa, unafika 7.64. Lakini ikiwa kwa pupa hiyo risasi moja imekosa shabaha, unapoteza alama zake 5 na kukatwa 10 nyingine, nawe unashuka hadi 6.69. Na kuchomoa kwenyewe, katika zoezi zima, ni mara moja tu! Wala sisemi mwende kama mnaosindikiza mgeni. Nasema mkono uende mbio kuufuata mpini, kisha utulie katika kuukamata.

Mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo habari za mikanda na aina za ala naziacha. Mkono wa pili ungoje kifuani, uipokee bastola mtutu ukiwa umekwisha kuelekea mbele. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yaone shabaha. Bastola ikidondoka, umeondolewa mashindanoni, hata ukitoa udhuru gani. Nyumbani, fanyeni mazoezi kwa bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine.