Ua Mmoja, Mifuko Minne: Pesa za Shule Zetu Nairobi

(Mhadhara kwa wazazi na wanabodi wa shule za umma, uliotolewa katika ukumbi wa kijamii, Makadara)

Wazazi wenzangu, walimu, wazee wa mtaa, na nyinyi wanabodi mliochaguliwa muhula huu, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Nitaanza na choo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwanabodi wa shule moja ya msingi huku Eastlands. Mlango wa choo cha watoto wa chekechea uling'oka. Mlango mmoja tu wa mabati. Bodi ikanituma nikautafutie pesa. Ofisi ya kwanza ikaniambia choo kile kilijengwa na mfuko mwingine, niende huko. Nikaenda. Huko wakasema wao hujenga, kukarabati si kazi yao. Ofisi ya tatu ikatazama barua yangu ikasema watoto wa chekechea hawako chini yake. Zikapita wiki tano. Wasichana wa miaka minne na mitano walikuwa wakienda chooni wawili wawili, mmoja akimshikia mwenzake leso mlangoni. Mwishowe mzazi mmoja, fundi wa jua kali, alikuja na misumari yake na bawaba mbili akaurudisha mlango, na hakutaka hata shilingi.

Kilichoniuma si kwamba nilifukuzwa. Wote walinijibu kwa adabu, na wote walikuwa sahihi kisheria. Nilipoelewa hilo nikaona kwamba tatizo letu ni kubwa kuliko mtu mmoja mwizi au karani mmoja mvivu. Shule ya umma Nairobi ni ua mmoja wenye mifuko minne, wa Wizara, wa kaunti, wa eneobunge na wa wazazi, na hakuna mfuko unaolazimika kuueleza ule mwingine. Mahali pekee mifuko yote inapokutana ni mezani pa bodi ya shule. Yaani mezani penu.

Wazee waliokaa hapa wataniambia, "Mwanangu, zamani mambo yalikuwa City Hall," yaani makao ya halmashauri ya jiji. Ni kweli. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuzinyang'anya halmashauri za mashambani elimu ya msingi, afya na barabara, lakini manispaa zikaachiwa, Nairobi ikiwa mojawapo. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulisema "shule za City Council," na ndiyo maana hadi leo mzazi akiona darasa linavuja, miguu inampeleka City Hall yenyewe bila kuuliza. Miguu inakumbuka sheria ya zamani. Katiba ya 2010 ilibadilisha mpango. Jedwali la Nne linaipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na malezi ya watoto wachanga. Shule za msingi, za sekondari na za mahitaji maalum ni za serikali ya kitaifa.

Sasa ingieni nami langoni mwa shule yoyote hapa Makadara. Darasa la PP1 na PP2, yaani chekechea, na mwalimu wake ni kazi ya kaunti. Ukivuka kiwanja hatua ishirini, Gredi ya Kwanza ni ya Wizara ya Elimu. Mwalimu anayefundisha pale analipwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na mshahara huo haupiti shuleni kabisa. Jengo jipya lenye rangi ya kung'aa na jina la mheshimiwa ukutani limetoka kwenye mfuko wa eneobunge. Mtoto yuleyule hupita katika mikono hiyo yote kabla ya kengele ya saa nne.

Tuzungumzie mfuko wa Wizara, maana ndio mnaouulizia zaidi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye zikawa 1,420. Chukueni kalamu. Gawanyeni 1,420 kwa miezi tisa ya masomo: mnapata chini ya shilingi 160 kwa mwezi kwa mtoto. Ndani yake mna chaki, maji, umeme, karatasi za mitihani, mishahara ya watu wasioajiriwa na serikali, na ukarabati. Na tangu 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na serikali yenyewe na kuletwa shuleni, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia vitabu vimefika lakini pesa hazijafika, si lazima awe anakuficha kitu.

Halafu 2023 sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, ikaletwa katika ua uleule wa shule ya msingi, na mgao wa mtoto mmoja wa sekondari msingi ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Mwalimu mkuu yuleyule, ofisi ileile, mara nyingi bila hata karani wa fedha, sasa anashika mtoto wa 1,420 na mtoto wa 15,042. Zaidi ya mara kumi. Tena kila fungu lina matumizi yake; huwezi kuchukua pesa za maabara ya Gredi ya Nane ukatengeneza paa la Gredi ya Tatu hata kama mvua inawanyeshea. Nawaomba mumuonee huruma mwalimu huyo, kisha mkae naye karibu, maana hapo ndipo makosa huzaliwa, ya nia mbaya na ya uchovu.

Kwa shule za kutwa za sekondari, kiwango ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi tangu 2018. Shilingi 5,000 kati ya hizo ni za ukarabati na uboreshaji wa majengo. Kwenye karatasi. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliieleza kamati ya elimu ya Bunge kwamba Hazina haiwezi kutoa kiasi chote, kwamba inachomudu ni kama shilingi 16,900. Namheshimu kwa kulisema hadharani, kwa sababu walimu wakuu walikuwa wakilisema miaka yote na sisi wazazi tukiwaita waongo. Hesabu ya haraka: upungufu ni shilingi 5,344 kwa kila mwanafunzi. Shule ya wanafunzi 500 inakosa zaidi ya shilingi milioni mbili na laki sita kwa mwaka. Sasa mkiona barua inaletwa nyumbani ikidai "pesa za motisha" au "pesa za ujenzi," mjue inatokea katika shimo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo hata wanabodi wa miaka mingi hawaliangalii, nalo ni kalenda. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Mgao huja kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, asilimia 20 wa tatu. Kwa hiyo mwaka mmoja wa shule unakula bajeti mbili za serikali. Januari, shule inapohitaji nusu nzima ya pesa zake, Hazina iko katikati ya mwaka wake na imeshaanza kubana matumizi. Mwenye duka la vifaa pale mtaani ndiye anayeishia kuikopesha serikali ya Kenya. Shule nyingi zinaendeshwa kwa uaminifu wa mwenye duka, na hakuna bajeti inayomtaja. Ningeombwa nibadilishe kitu kimoja tu katika mpango huu mzima, ningetaka fungu la Januari lifike kabla ya watoto hawajafungua shule, hata lingekuwa dogo.

Pesa pia hufuata jina. Mtoto asiyeandikishwa katika mfumo wa kompyuta wa Wizara hana mgao, na kwa miaka mingi kuandikishwa kumedai cheti cha kuzaliwa. Hapa Nairobi, mama aliyezalia nyumbani katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, aliyehama mara tatu kwa sababu ya moto au ya kubomolewa, cheti atakitoa wapi? Mtoto anakaa darasani, anakalia dawati, anatumia chaki, lakini kwa hesabu za serikali hayupo. Wenzake wanagawana naye 1,420 zao. Wakati huohuo wakaguzi wa serikali wameripoti pesa kupelekwa kwa shule zisizokuwapo. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, kusema kweli, nashindwa kulala. Mwanabodi mpya, kazi yako ya kwanza iwe kuuliza ni watoto wangapi wameketi darasani na wangapi wako kwenye mfumo. Ukiletewa tofauti ya arobaini, nenda kwa chifu na ofisi ya usajili uwapiganie hao arobaini.

Kuhusu basari, ile misaada ya karo, nitasema kidogo, ingawa najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Zipo za eneobunge, na Nairobi ina maeneobunge 17. Zipo za kaunti zinazopitia wadi zetu 85. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizikumbusha kaunti kwamba elimu ya sekondari si kazi yao, na kwamba haziwezi kuitolea pesa bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Kelele zikawa nyingi. Mimi naona alikuwa na haki kisheria, na naona pia ni aibu kwamba makubaliano hayo hayakuandikwa miaka kumi na miwili kabla, ilhali Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu wazi ngazi moja kuikabidhi nyingine kazi. Tunajua yanawezekana. Tangu 2023 kaunti yetu inapikia watoto wa shule za msingi, watoto ambao si wake kisheria, katika mpango wa Dishi na Kaunti, na mtoto analipa shilingi tano kwa kugusisha bangili ya mkononi. Chakula kimeruka ua. Mlango wa choo ulishindwa.

Sasa bodi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita katika bodi ya usimamizi, wengi kuliko kundi lingine lolote. Mwalimu mkuu ni katibu wenu. Narudia, katibu. Nimekaa kwenye bodi ambako mwenyekiti alikuwa akimuomba katibu ruhusa ya kuona taarifa ya benki. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutoyalipa, na kila shilingi ikatiwe risiti rasmi. Pesa zinazokusanywa na kiongozi wa darasa kwenye simu yake hazina risiti. Najua huwa zinafanya kazi nzuri, nimezichanga mwenyewe. Lakini siku zikipotea, hamna pa kuanzia.

Shule yetu ilijaribu jambo moja baada ya kisa cha choo, nami nalipendekeza kwenu. Kila muhula tulichukua karatasi moja kubwa ya manila tukaandika kwa kalamu nzito: kimeingia nini, kutoka mfuko gani, tarehe gani, kimetumika wapi. Wizara, kaunti, eneobunge, wazazi, yote kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, ikabandikwa nje ya ofisi karibu na lango. Mwalimu mkuu alisita mwanzoni. Aliogopa vurugu, na simlaumu.

Wiki ya kwanza hakuna aliyesoma. Wiki ya pili alikuja bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Yeye hasomi, alimwambia mjukuu wake wa Gredi ya Sita amsomee kuanzia juu. Walisimama pale juani mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaingia ofisini, akaketi, akauliza kwa nini muhula huu maji yamekula karibu mara mbili ya muhula uliopita na watoto ni walewale. Hatukuwa na jibu. Tulipofuatilia tukakuta bomba limepasuka chini ya darasa la PP2, linavuja usiku na mchana, na sakafu imeanza kutitia upande wa dirishani, pale watoto wanapolalia mikeka mchana. Fundi aliitwa kesho yake, na ilipofika Ijumaa risiti yake ilikuwa imebandikwa ukutani, chini ya mstari wa maji.