Dover Haipungukiwi Meli

Ahsante, Mwenyekiti. Nimepewa mada ya mustakabali wa feri kati ya Uingereza na bara la Ulaya baada ya Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Kura ya 2016 mnaijua, vurugu za bungeni mliziona kwenye televisheni, na siku waliyotoka rasmi mnaikumbuka, kwa hiyo hayo nayaruka. Nina jambo moja, na walionisikia huko nyuma watanivumilia kwa sababu ni lile lile: acheni kuhesabu meli, hesabuni sekunde za kibandani, pale pasipoti zinapokaguliwa.

Meli hazina shida. Dover, Uingereza, kwenda Calais, Ufaransa, ni safari ya dakika 90. Meli zenyewe ni bora kuliko zilizokuwepo kabla ya Brexit. P&O Pioneer, iliyoanza kazi 2023, ina urefu wa mita 230, inatumia dizeli na betri, na ina chumba cha usukani mbele na kingine nyuma, kwa hiyo haihangaiki kugeuka bandarini. Irish Ferries hawakuwahi kuwa kwenye njia hiyo, wakaingia 2021, Brexit ikiwa bado mbichi. Sasa anayeniambia kwamba feri inakufa, anieleze kwa nini watu wenye fedha zao wanaongeza meli.

Twende kibandani. Kwa mkataba wa Le Touquet wa 2003, polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakagua pasipoti wakiwa Dover, na Waingereza wanakagua wakiwa Calais. Maana yake, mpaka wa Umoja wa Ulaya uko ndani ya ardhi ya Uingereza, kabla hujaiona meli. Zamani ofisa Mfaransa alikuwa akipokea pasipoti ya Mwingereza, anaitazama sura, anairudisha. Tangu Januari 2021 Mwingereza ni mgeni. Ofisa anafungua kurasa kutafuta mihuri, anahesabu kama siku za kukaa Ulaya hazijazidi 90 ndani ya siku 180, anaweza kuuliza unakwenda wapi na utalala wapi, kisha anagonga muhuri. Gari lina watu watano, kazi hiyo inafanyika mara tano.

Chukueni kalamu. Tuseme kuna vibanda 10 na kila gari linachukua sekunde 30. Kibanda kimoja kinapitisha magari 120 kwa saa, vyote 1,200. Gari likichukua dakika moja, mnabaki na 600. Sekunde 30 tu, na nusu ya bandari imeondoka. Wakija magari 800 kwa saa, 200 yanabaki nje. Kila gari na nafasi yake ni mita 6, kwa hiyo foleni ya mstari mmoja inarefuka kilomita 1.2 kila saa. Saa nne baadaye iko karibu kilomita 5, na wala hakuna kilichoharibika! Hakuna mgomo, hakuna dhoruba, hakuna meli mbovu. Kila mtu anafanya kazi yake vizuri kabisa.

Aliyezoea Likoni au Kigamboni anajua foleni inayoletwa na pantoni kuharibika. Hii ya Dover ni kinyume chake: meli iko gatini, mlango uko wazi, sitaha ina nafasi, na abiria wenye tiketi za meli hiyo bado wako barabara ya A20 wanawanunulia watoto maji. Ndiyo maana kampuni siku kama hizo zinasema tiketi ya saa tatu panda nayo saa sita, panda itakayokuwepo. Julai 2022, shule zilipofungwa, ndicho kilichotokea. Bandari ikatangaza hali ya dharura na kulaumu uhaba wa maofisa wa Ufaransa, Wafaransa wakajibu kwamba mpaka wameutaka Waingereza wenyewe. Wote walikuwa na hoja. Pasaka ya 2023 ikawa zamu ya mabasi, na basi ni baya zaidi, maana watu 50 wanashuka, wanapanga mstari, wanapanda tena.

Sasa naomba niwape kisa cha pauni milioni 33. Mwenyekiti, hiki sikifupishi.

Mwisho wa 2018 serikali ya Uingereza iliogopa kutoka Umoja wa Ulaya bila mkataba. Wizara ya Uchukuzi, chini ya waziri Chris Grayling, ikaamua dawa ni meli zaidi kwenye bandari nyingine. Ikatoa mikataba yenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 100 kwa kampuni tatu. Mbili zilikuwa na meli. Ya tatu, Seaborne Freight, ilipewa mkataba wa pauni milioni 13.8 wa kuvusha malori kutoka Ramsgate hadi Ostend, Ubelgiji, nayo haikuwa na meli hata moja. Ramsgate yenyewe feri za ratiba zilikwisha tangu 2013, mchanga umejaa, ikabidi ichimbwe upya ili kina kitoshe. Waandishi wa habari wakafungua tovuti ya kampuni kusoma masharti ya huduma, wakakuta mteja anashauriwa akague chakula chake vizuri kabla ya kukilipia. Masharti ya duka la chakula cha kubeba! Februari 2019 mkataba ukafutwa.

Wakati huo Eurotunnel, wenye njia ya chini ya bahari, walikuwa wameshakwenda mahakamani: mikataba imetolewaje bila ushindani wa wazi, na sisi tunavusha malori kila siku? Machi 2019 serikali ikamalizana nao nje ya mahakama kwa pauni milioni 33.

Shikeni hiyo namba. Desemba 2020, wiki chache kabla ya mpaka kuanza kazi, bandari ya Dover iliomba fedha kutoka mfuko wa serikali wa miundombinu ya bandari, ili vibanda vya pasipoti vya Ufaransa vitoke 5 vifike 10. Iliomba kiasi gani? Pauni milioni 33. Ikapewa kiasi gani? Pauni elfu 33. Msifikiri nimekosea sifuri. Fedha ya kumfidia aliyeonewa kwenye mambo ya meli ilipatikana, ya kujenga vibanda haikupatikana. Huo ndio ugonjwa wenyewe: ukimwambia mwanasiasa feri, kichwani kwake inakuja meli. Kibanda chenye dirisha na ofisa mmoja hakizinduliwi kwa utepe.

Kuna ndugu pale mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: vibanda si vimeongezwa baadaye? Vimeongezwa, ndiyo. Lakini Dover imebanwa, nyuma ni majabali meupe, mbele ni bahari. Calais wametumia yuro milioni 863 kupanua bandari yao, wakaifungua 2021, wakaijaza bahari wakapata ardhi. Dover kila kibanda unachokiongeza kinakula mahali pa kuegesha magari yanayosubiri kibanda. Na hata ukivijenga, maofisa wa kukaa ndani wanapangwa na Ufaransa, wewe huwaajiri.

Na kazi ya kibandani ndiyo kwanza inaongezeka. Tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza mfumo mpya wa kuandikisha wanaoingia na kutoka, ule wa EES. Muhuri unaondoka, inakuja picha ya uso na alama za vidole vinne. Watoto chini ya miaka 12 wanapigwa picha tu. Ukishaandikishwa, kumbukumbu inakaa miaka mitatu, safari zinazofuata wanalinganisha. Uwanja wa ndege hilo ni jambo jepesi, mtu anatembea kwa miguu hadi kwenye mashine. Dover mtu yuko kiti cha nyuma, usiku, mvua inanyesha, katikati ya viti viwili vya watoto. Unamtoa? Unampelekea kifaa dirishani? Ndiyo maana walianza na malori na mabasi, magari madogo yakaachwa nyuma. Abiria wa mabasi wanaandikishwa Western Docks, upande wa magharibi wa bandari, halafu basi linafungwa lakiri na kuendeshwa hadi upande wa Eastern Docks kwenye meli. Mpango mzuri huo, nausifu, kwa sababu aliyeupanga alifikiria foleni kabla ya kufikiria meli.

Msiniambie habari ya simu. Kila mara kuna kijana anayesema watu wajisajili nyumbani kwa programu. Taarifa za pasipoti unaweza kuzituma mapema nchi husika ikiruhusu. Vidole vinachukuliwa mpakani, sebuleni havichukuliwi.

Mnataka kuona jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri? Tazameni malori. Wafaransa walijenga mfumo wa forodha ambapo karatasi zote za mzigo zinaunganishwa chini ya msimbopau mmoja. Dereva akifika Dover, msimbo unasomwa pamoja na namba ya lori. Meli ikiwa katikati ya bahari, kompyuta inachambua, na kabla ya kufika Calais dereva anatazama skrini humo melini: kijani, anakwenda zake, rangi ya chungwa, anaingia kwenye ukaguzi wa forodha au wa mifugo na mimea. Zile dakika 90 za majini zimegeuzwa kuwa ofisi. Kinachokwama ni mzigo wa mchanganyiko. Trela lina bidhaa za wateja 20, mmoja amesahau cheti cha afya cha jibini lake, wote 20 wanalala bandarini naye. Wauzaji wadogo wengi wameacha kupeleka vyakula Ulaya kwa sababu hiyo, na wala hawakushindwa bei. Nyama na maziwa hata ya kula njiani hayaingii. Januari 2021 televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa wa forodha wakimnyang'anya dereva aliyeshuka feri sandwichi zake zenye nyama. Akauliza, basi nibaki na mkate? Hata mkate akakosa.

Swali lingine: kwa nini watu wasihamie bandari nyingine za Uingereza, Portsmouth, Newhaven, Harwich? Wahamie, ila wajue kwamba huko hakuna ukaguzi wa Kifaransa upande wa kuondokea. Portsmouth kwenda Caen unapanda meli bila kukutana na Mfaransa, foleni yako inakusubiri asubuhi Ouistreham, bandari ya Caen, meli nzima ikishusha kwa mkupuo. Foleni haikufutwa, imevushwa bahari.

Ayalandi nitaipitia mbio, ingawa ndiko mabadiliko makubwa yalikotokea. Kabla ya Brexit, malori kama 150,000 kwa mwaka ya Ayalandi yalikwenda Ulaya kwa kukatiza Uingereza: Dublin, Holyhead ya Wales, Dover, Calais. Njia fupi, lakini sasa unatoka Umoja wa Ulaya na kuingia tena, karatasi mara mbili. Tarehe 2 Januari 2021 kampuni ya feri ya DFDS walifungua njia ya Rosslare, Ayalandi, hadi Dunkirk, Ufaransa, moja kwa moja, kama saa 24. Rosslare ilikuwa na safari 6 kwa wiki kwenda bara, zikapita 30. Watu walishangaa: nani atavumilia saa 24 majini? Mwenye lori anavumilia, kwa sababu ya sheria ya saa za dereva. Anaruhusiwa kuendesha saa 9 kwa siku, kila saa nne na nusu apumzike dakika 45, kisha alale saa 11. Kutoka Holyhead hadi Dover ni zaidi ya kilomita 500, anafika amemaliza karibu saa zake zote, kisha akwame foleni. Wa Rosslare amelala kwenye kabini ya meli, ameshuka Dunkirk na saa 9 mbichi. Tena wengi hawapeleki hata dereva. Trela linaachwa bandarini, trekta ya bandari inalivuta hadi ndani ya meli na kulisimamisha juu ya stendi, ng'ambo kichwa kingine cha lori kinalichukua. Trela halina pasipoti, halina vidole. Mnaona tunakorudi?

Holyhead nayo ilifungwa na dhoruba ya Darragh Desemba 2024, hadi katikati ya Januari. Waliokuwa wakisita kwenda moja kwa moja wakapata sababu.

Mabaharia, dakika mbili. Tarehe 17 Machi 2022 P&O iliwafukuza mabaharia karibu 800 kwa ujumbe wa video. Mwenye kampuni ni DP World, ndio hao mnaowajua kwenye gati za Dar es Salaam. Mkuu wa P&O aliwaambia wabunge kwamba mabaharia wa wakala waliochukua nafasi zao walikuwa wakilipwa kwa wastani pauni 5.50 kwa saa, chini ya kima cha chini cha nchi kavu. Watu wanasema ni Brexit. Kwa sehemu ndogo tu: 2019 meli za Dover zilihamishiwa bendera ya Saiprasi kwa sababu hiyo, lakini ufukuzaji ule ungewezekana hata bila Brexit. Sheria ya mishahara ya mabaharia ya 2023, inayobana meli zinazotia nanga Uingereza mara 120 au zaidi kwa mwaka, ilianza kutumika Desemba 2024. Hilo lina mhadhara wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Makubaliano ya Mei 2025 kati ya London na Brussels yanalenga kupunguza karatasi za vyakula na mifugo, na yakikamilika malori yatapumua. Kibanda cha magari madogo hayakigusi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mizigo itaendelea kuhamia njia ndefu na trela zisizo na dereva, na Dover kiangazi itakuwa ya kuweka nafasi kwa saa maalumu, ukichelewa rudi kesho. Bandari haitaki kulisema hilo kwa sauti.

Kwenu mnaosafiri na pasipoti ya Tanzania au Kenya mkiwa na ukaazi wa Uingereza: viza ya Schengen mlihitaji kabla na mnahitaji sasa. Kwenye EES vidole vyenu vimo tayari kwenye kumbukumbu za viza, watapiga picha tu. Kwa kurudi, hakikisheni pasipoti mnayosafiri nayo ndiyo iliyounganishwa na eVisa, kibali chenu cha ukaazi cha kidijitali, maana kadi za zamani za ukaazi ziliisha mwisho wa 2024 na anayekukagua Calais haangalii kadi.

Habari ya mbwa na paka nimeiacha. Kwa kifupi, cheti cha daktari wa mifugo, kipya kila safari, kitolewe ndani ya siku 10 kabla ya kuvuka. Maswali.